Wanyama Walao Wenzao: Dubu wa Barafuni na Soko wa Kabambare

Katika Afrika yetu, tangu Sahara mpaka Rasi ya Tumaini Jema, hakuna dubu hata mmoja wa mwituni. Zamani walikuwako katika milima ya Atlas, pande za Moroko na Aljeria, lakini hao nao waliangamia katika karne ya 19. Hata hivyo kila Mkristo asomaye Biblia amekwisha kukutana na mnyama huyo: Daudi alimsimulia mfalme Sauli jinsi alivyomnyang'anya dubu kondoo wa baba yake, na habari ya nabii Elisha na wale dubu wawili majike huwaogofya watoto wa katekisimu hata leo. Twawaomba basi wasomaji wetu wa Kasongo na Kabambare wasistaajabu tukianza mbali, penye barafu, kabla ya kurudi katika misitu ya Luama. Tunayo sababu yetu, nayo itaonekana.

Dubu wengi si wala nyama hasa. Yule wa China, mwenye madoa meusi na meupe, hutafuna mianzi mchana kutwa. Yule wa Bara Hindi hufukua vichuguu na kufyonza mchwa. Dubu wa kahawia wa Alaska husimama mtoni wakati samaki wapandapo maji, akala hata akanenepa kwa ajili ya usingizi wa miezi ya baridi. Siku nyingine hula majani, mizizi na matunda madogo, kama maskini mwingine yeyote. Dubu mweupe peke yake ndiye aliyejitia kabisa katika kula nyama, kwa maana barafuni hapana shamba.

Chakula chake ni sili, mnyama wa baharini mwenye umbo la kufanana na samaki lakini anyonyeshaye wanawe, na chini ya ngozi yake mna mafuta mazito. Sili hawezi kukaa chini ya maji daima; hana budi kupanda ili avute pumzi katika tundu alilolitoboa barafuni. Basi dubu hulala karibu na tundu hilo, kimya, saa nyingi. Sili akitoa kichwa, amekwisha. Dubu aliyeshiba hula mafuta tu, na nyama huwaachia mbweha weupe wamfuatao nyuma kama mbwa wa mwindaji. Dume lililokomaa huweza kupita kilo 500.

Lakini barafu ni shamba lisilodumu. Katika Ghuba ya Hudson, nchi ya Kanada, huyeyuka yote wakati wa joto, na dubu hupanda pwani wakakaa miezi ipatayo minne bila chakula cha maana, wakiishi kwa mafuta yaliyo mwilini mwao. Jike lenye mimba huwashinda wote kwa subira: huingia pangoni, huzaa katikati ya majira ya baridi, hunyonyesha, na huweza kufikisha miezi minane pasipo kula. Watoto wake huzaliwa vipofu, kila mmoja ana uzito wa gramu 600 tu au karibu na hapo. Mama za Kabambare, waliokwisha kuona miezi ya njaa kabla mpunga haujaiva, watamfahamu jike huyo kuliko mabingwa wengi.

Na adui wa watoto hao ni nani? Mara nyingi ni dume la dubu. Yajulikana tangu zamani kuwa dume huwaua watoto na kuwala, na mara chache hata jike zima. Kati ya Januari na Aprili 2004, katika Bahari ya Beaufort iliyo kaskazini ya Alaska na Kanada, wataalamu walikuta dubu watatu waliouawa na dubu wenzao ili waliwe. Mmoja wao alikuwa jike aliyeuawa pangoni mwake muda mfupi baada ya kuzaa. Wataalamu hao walisema kwamba katika miaka 24 ya kazi upande wa Alaska, na miaka 34 upande wa Kanada, hawakuwahi kumwona dubu akimnyemelea mwenziwe namna ile. Walishuku njaa, kwa kuwa barafu ya bahari ile inapungua kwa sababu ya joto la dunia linaloongezeka. Wengine wanatuonya tusifanye haraka, kwa maana jambo lenyewe si geni, na leo kuna watu wengi zaidi wenye picha na vyombo vya kulitazamia. Huko Sweden, kwa dubu wa kahawia, imeonekana sababu nyingine isiyo njaa: dume huwaua watoto asiowazaa yeye, ili mama yao akiacha kunyonyesha awe tayari kumpokea. Simba wa Serengeti hufanya vivyo hivyo, madume mageni yanapowafukuza wenyeji wa kundi.

Sasa turudi nyumbani.

SOKO WA KABAMBARE

Mwezi wa Julai 1870 mgeni mmoja aliingia Kabambare akichechemea, miguu yake yote miwili ina vidonda vilivyokula nyama. Alikuwa David Livingstone, ambaye katika maandishi yake auita mji huo Bambarre. Hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa mtu mwenye macho, na kwa kuwa hakuweza kutembea aliketi akasikiliza. Alikaa hapo mpaka Februari 1871. Karatasi zilipomwishia katika nchi hii ya Manyema aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huku.

Mengi aliyoyaandika siku zile yahusu mnyama aliyeitwa soko. Kwanza alidhani ni gorila. Leo wasomao maelezo yake husema kwamba alikuwa sokomutu, ambaye ndugu zetu wa Tanzania wamwita sokwe. Mwezi wa Agosti 1870 moto wa nyasi uliwafukuza soko wanne kutoka maficho yao mpaka uwandani, nao wakauawa kwa mikuki. Livingstone aliwatazama, kisha akawauliza wenyeji habari zao. Mengine basi aliyaona, mengine alisimuliwa, na si rahisi siku zote kuyatenganisha.

Wazee wa Kabambare walimwambia kwamba soko hukaa makundi ya kumi hivi, na mgeni wa kundi jingine hufukuzwa kwa ngumi na makelele. Mtu asiye na mkuki soko humwacha aende zake. Lakini aliyemjeruhi atamkamata mkono, atamkata vidole kwa meno na kuvitema. Walimwambia pia jambo ambalo twaliona zuri kuliko yote: makundi ya soko yanapovuka mahali pa nyasi kutoka msitu hata msitu, mara nyingi dume ndiye ambebaye mtoto, na wakiisha kuvuka humrudishia mama yake. Wengine walisema soko ni mtu, wala hana ubaya. Na juu ya chakula chake walisema soko hali nyama kamwe. Hula matunda ya mwituni, na kitu akipendacho sana ni ndizi ndogo.

Mwanzoni mwa 1871 mfanyabiashara wa pembe aliyeitwa Katomba alimpa Livingstone soko mchanga, jike, aliyekamatwa mama yake alipouawa. Aliketi mkekani kando ya mzee, kimya. Alinyoosha mkono apate kubebwa, na akikataliwa alilia kwa uchungu na kupindapinda mikono yake kama mwanadamu aliyekata tamaa. Usiku alijifunika mkeka. Uso alijifuta kwa jani.

NG'AMBO YA ZIWA

Miaka 90 ikapita. Mwezi wa Julai 1960 msichana Mwingereza, Jane Goodall, alishuka katika mashua pamoja na mama yake huko Gombe, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima ya upande wetu wa Kongo huonekana siku ya anga safi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alimwona sokwe dume, ambaye yeye alimwita David Greybeard, ameketi mtini anakula mtoto wa nguruwe wa mwituni. Basi neno la wazee wa Kabambare juu ya chakula cha soko halikuwa kamili. Tusiwacheke: wenye elimu wa Ulaya nao walikuwa wakisadiki hivyo hivyo mpaka siku ile.

Tangu hapo mengi yamejulikana. Chakula cha sokomutu ni matunda kwanza, kisha majani, mbegu, asali, na mchwa ambao huwavua kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe. Nyama ni sehemu ndogo tu. Lakini akiipata huipenda mno. Madume huwinda pamoja kima wekundu wa juu ya miti, wengine wakifukuza na wengine wakingoja mbele. Mnyama akikamatwa huwa kelele na fujo, na wasio na kitu huketi mbele ya mwenye nyama wakinyoosha viganja vya mikono. Aliyewahi kuona ugawaji wa nyama kijijini, baada ya mtego kunasa, hatapata shida kuelewa.

Mwaka 1971 Mjapani Akira Suzuki alitangaza habari nzito zaidi: katika msitu wa Budongo, nchi ya Uganda, alikuwa amemwona sokwe dume akila mtoto mchanga wa sokwe. Mwaka huohuo, kule Gombe, madume kadhaa yalimpiga jike mgeni asiye wa kundi lao, wakamnyang'anya mtoto, wakamla. Watu walijifariji kwa kusema kwamba mgeni ni mgeni. Kisha yakaja mambo ya Passion.

Passion lilikuwa jina la jike mmoja wa kundi lilelile la Gombe, na binti yake aliitwa Pom. Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka upande wetu wa Kongo, wakawateka wanafunzi wanne wageni waliokuwa wakifanya kazi Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wageni walikatazwa kukaa pale, na kazi ya kuwafuata sokwe milimani ikabaki mikononi mwa Watanzania walioajiriwa huko. Watu hao, wenyeji wa vijiji vya ziwani, waliandika kila siku kwa Kiswahili yale waliyoyaona. Ndio walioandika kwamba mwezi wa Agosti 1975 Passion alimrukia jike mwenziwe, Gilka, aliyekuwa amedhoofika mwilini, akampokonya mtoto wake mchanga na kumuua kwa meno. Kisha Passion, Pom, na mdogo wake Pom wakala nyama ile saa nyingi. Mwaka uliofuata Gilka akazaa tena. Wakaja tena wawili hao, na mtoto wa pili akaenda njia ya kwanza.

Mwezi wa Novemba 1976 ilikuwa zamu ya Melissa. Mama alipigana mpaka mikono na uso vikatoka damu, lakini wawili humshinda mmoja. Na hapa pana jambo ambalo tumelisoma mara nyingi pasipo kulizoea: mtoto akiisha kufa, Melissa alimkaribia aliyemuua, na Passion akanyoosha mkono akamgusa, kama sokwe wafanyavyo wakimtuliza mwenzao. Kwa Passion hapakuwa na ugomvi na Melissa. Alitaka nyama tu.

Passion mwenyewe alipozaa mwaka 1977, mashambulio yakakoma. Hawa hawakuwa na njaa kama dubu wa Hudson. Msitu wa Gombe ulikuwa na matunda. Wala hawakuwa madume wenye kutafuta majike. Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, aliungama kwamba kabla ya miaka hiyo alikuwa akiwadhania sokwe kuwa wapole kuliko wanadamu, na kwamba ilimchukua muda kulipokea neno hili. Wengine walimshauri asilitangaze, kwa kuogopa watu wasije wakasema kuwa ukatili ni maumbile yetu na hapana dawa. Alitangaza. Twaona alifanya vema, kwa kuwa ukweli ulioonekana kwa macho hauna haja ya kufichwa hata ukiwa na sura mbaya.

Kusini zaidi, katika milima ya Mahale inayotazamana na milima yetu ya Kabobo, Wajapani wamewafuata sokwe tangu 1965. Huko jike akikaribia kuzaa hujitenga na wenzake, akakaa mafichoni majuma mengi. Mwezi wa Desemba 2014 jike mmoja alizaa hadharani, mbele ya kundi. Kabla hajamgusa mtoto wake, dume moja lilimnyakua likakimbilia vichakani, nalo likamla. Tangu siku hiyo wataalamu wanaelewa zaidi kwa nini majike mengine hukimbilia mafichoni.

JE, MNYAMA ANA DHAMBI?

Mwanafunzi atauliza: je, Passion alitenda dhambi? Mtakatifu Toma wa Akwino alikwisha kutujibu zamani: mnyama huongozwa na maumbile yake, hana akili ya kupambanua mema na mabaya, wala hiari ya kuchagua. Asiyeweza kuchagua hahukumiwi. Kwa hiyo yule asemaye kwamba mtu fulani ni mnyama kwa sababu ya ukatili wake amemsingizia mnyama, na amempa mtu huyo udhuru asiostahili.

Tena macho yenyewe hudanganya. Twendeni ukingoni mwa Lualaba. Mamba mkubwa huwala mamba wadogo, hilo ni kweli. Lakini watu wa nchi nyingi waliapa pia kwamba jike la mamba hula watoto wake lenyewe, maana walimwona akifukua mayai yaliyoanguliwa, akiwatia wadogo wale kinywani. Wataalamu walipokaa karibu na kutazama mpaka mwisho, katika miaka ya 1960 na 1970, waliona kwamba mama huyo aliwachukua watoto kinywani mpaka majini, akafunua taya zake, akawaacha waogelee salama. Meno yaleyale yavunjayo mfupa wa nyati yalikuwa yamebeba mtoto pasipo kumkwaruza.

MANENO JUU YA WAMANYEMA

Na sasa sababu tuliyoiahidi.

Mtoto wa Kasongo au wa Kabambare aendaye kusoma mbali, akisema kwao ni Maniema, hukutana upesi na mzaha wa zamani: kwamba babu zake walikuwa wakila watu. Mzaha huu umeandikwa katika vitabu vingi vya wasafiri wa karne ya 19, na wengi wao waliupokea kutoka kwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ambao walikuwa na faida kubwa katika kuwatia wengine hofu wasije wakawafuata sokoni. Livingstone aliusikia kabla hajafika. Alipofika na kuuliza aliandika kwamba baraza la mahakama ya kwao Scotland lingesema shauri halijathibitika. Baadaye alisimuliwa habari zilizomfanya akubali kwamba walikuwako waliokula adui waliouawa vitani. Hata alidhani labda watu walianza kwa kula nyama ya soko. Tunalisema hilo wazi, tusije tukaonekana tunachagua maneno yatupendezayo. Lakini kutoka habari za vita kadha wa kadha mpaka kulitia doa taifa zima, Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengineo, njia ni ndefu, na waliotembea njia hiyo hawakuwa na haraka ya kutafuta ushahidi.

Tutazame upande wa pili. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa ofisa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo wakati Nyangwe na Kasongo zilipotekwa mwaka 1893, aliandika bila kuficha kwamba wapiganaji wa upande wake mwenyewe, watu wa Gongo Lutete, walikula maiti za adui. Basi waliosema wamekuja kuleta ustaarabu walikuwa na jambo hilo ndani ya kambi yao. Nao watu wetu waliwarudishia Wazungu shutuma hiyohiyo: huko Katanga, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu waliwaogopa batumbula, waliosemekana kuwakamata watu usiku ili wakaliwe na Wazungu, na huko pwani palivuma habari za mumiani wanyonya damu. Kila upande ulimwona mwingine na meno marefu.

Wakristo hasa wangepaswa kuwa wazito wa kusadiki maneno ya namna hii. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, nchi ya Gallia, watumwa wapagani wa nyumba za Wakristo waliogopa mateso wakashuhudia uongo kwamba mabwana zao hula nyama za watu katika ibada zao. Wapagani walikuwa wamesikia habari ya Mwili na Damu wakazielewa kwa namna yao. Kwa shutuma hiyo pamoja na nyingine walikufa Askofu Pothinus, mzee aliyepita miaka 90, na mtumwa Blandina, ambaye chini ya mateso alikana kwamba Wakristo hutenda jambo lolote baya. Miaka ipatayo 20 baadaye Mwafrika mwenzetu Tertulliano wa Karthago aliandika kitabu kizima kuwatetea Wakristo, na shutuma hii ilikuwa mojawapo ya zile alizozijibu.

Tena njaa haikuzaliwa Afrika. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kuhusu mama wawili wa Samaria wakati wa mazingira, nasi hatutayarudia maneno yao hapa. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege iliyochukua vijana wa Uruguay, wengi wao wanafunzi wa zamani wa shule ya Kikatoliki, ilianguka katika theluji ya milima ya Andes. Walikuwa watu 45. Waliookoka baada ya siku 72 walikuwa 16, nao waliishi kwa kula miili ya wenzao waliokwisha kufa. Walipoliungama jambo hilo, wakuu wa Kanisa walisema hawakutenda dhambi, kwa maana hawakumuua mtu na hawakuwa na chakula kingine. Hakuna aliyewaita watu wa Uruguay taifa la walaji watu.

Na Livingstone huyohuyo, baada ya kutoka Kabambare, alifika Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, mahali pa kuuzia na kununulia, penye watu wapatao 1,500 na wengi wao wanawake, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya umati. Wenye bunduki wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengine kwa risasi, wengine wakizama Lualaba. Hakuliwa hata mmoja. Livingstone aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nili aliacha safari akarudi Ujiji, kwa kuwa hakuweza kukaa tena na watu wale.

NYAMA YA SOKOMUTU

Liko neno moja la mwisho, nalo ni la jikoni. Twajua kwamba katika pori zetu sokomutu huuawa hata leo, kwa bunduki au kwa mtego wa waya uliowekewa mnyama mwingine, na nyama yake huliwa. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inamlinda, pamoja na ile ya hifadhi ya mwaka 2014. Mwaka 2016 serikali ilitenga hifadhi ya Kabobo, karibu na ziwa, ambamo wamo. Lakini baba mwenye watoto wenye njaa hasomi sheria kwanza, nasi hatutamhubiria kana kwamba anayo mbuzi zizini akaiacha.

Tutamwambia tu yaliyotukia. Mwaka 1996, katika kijiji cha Mayibout, nchi ya Gabon, sokwe alikutwa amekufa msituni. Watu walimchukua, wakamchuna, wakampika. Walioishika nyama ile mbichi wakaugua Ebola, wakawaambukiza waliowauguza, na kabla ugonjwa haujakoma watu 21 walikuwa wamekufa. Virusi vya ukimwi navyo vyatoka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kamerun, na mabingwa husadiki kuwa viliingia kwa mwanadamu kwa damu, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa kumchinja na kumkatakata mnyama. Damu ya sokomutu iko karibu mno na yetu; kimwumizacho yeye chapata njia rahisi ya kuingia kwetu. Basi sokomutu au kima aliyekutwa amekufa asiguswe, wala na mtoto, wala kwa kijiti. Mwambieni mwuguzi wa kituo cha afya mahali alipo. Na mtu aliyegusa mzoga naye akapata homa aseme mapema kwamba aligusa, kabla mama na dada zake hawajaanza kumwosha na kumlisha.

Tena kuna wale watoto wa sokomutu wauzwao barabarani, wamefungwa kamba kiunoni. Mtoto wa sokomutu hunyonya miaka minne au mitano, wala mama yake hamwachi akiwa hai. Kwa hiyo kila mtoto auzwaye ana mama aliyeuawa, kama yule wa Katomba. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, kuna mahali ambapo tangu 2002 yatima hao hupokelewa na kulelewa. Akionekana mmoja njiani, apelekewe habari mtumishi wa ICCN. Asinunuliwe kwa huruma, maana fedha hiyo ndiyo itakayonunua risasi ya mama mwingine.